Mlango wa Pili wa Kasiva

Simu ililia nikiwa juu ya ngazi, nikiandika jina la duka la dawa hapa Salama. Kila mtu hunikumbusha kwamba umri wangu si wa kupanda ngazi, nami huwajibu kwamba herufi hazina habari na umri wa mtu. Namba yangu huiandika kwenye kona ya chini ya kila kibao, kwa hivyo hupigiwa na watu nisiowajua, wengi wakitaka bei. Huyu hakuuliza bei. Alisema, "Susu Kasiva ametuacha. Alisema msalaba wake uandikwe na Ndinda wa Salama, sio mtu mwingine." Susu ni nyanya kwa Kikamba. Nikamuuliza yeye ni nani. "Mimi ni Mutinda, wa hapa kwake." Nilishuka ngazi polepole nikaketi juu ya debe la rangi. Nilijua Mutinda mmoja tu katika nyumba hiyo, mume wa Kasiva, naye alikuwa kaburini kabla mimi sijafika huko. Mutinda aliye hai sikuwa na habari zake.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni ule uliofuata njaa tuliyoiita kufa na pesa mkononi, kwa sababu watu walikuwa na pesa na unga haukuwepo. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, nikichora ng'ombe kwenye kuta za bucha kutoka Salama hadi Kasikeu. Ng'ombe wangu mmoja alionwa na Madam Wairimu, mwanamke wa Nyeri aliyesomea kilimo, akipita na gari kwenye barabara ya Mombasa. Alirudi nyuma kuuliza aliyemchora. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa kituo cha kufundishia wakulima juu ya kilima, nje kidogo ya Migwani, na wafadhili walikuwa wamempa nafasi ya kukaribisha wasanii kwa mwaka mmoja. Tungelala pale, tule pale, na kazi yetu iwe kuonyesha vile nchi ile itakavyokuwa baada ya miaka thelathini, ikiwa watu watachimba matuta, watapanda miti na kuyazuia maji yasikimbie. Nilimuuliza kama huko mbele kutakuwa na bucha. Alicheka, nami nikapata kazi.

Tulipewa vyumba vilivyokuwa stoo ya mbegu. Changu kilikuwa na kitanda cha chuma, meza, blanketi la kijivu, na harufu ya dawa ya wadudu wa mahindi ambayo haikutoka mwaka mzima. Hadi leo nikifungua gunia lenye dawa ile najikuta nimerudi kwenye kitanda kile. Chumba cha pili kilikuwa cha Kilonzo, mchongaji wa miaka hamsini na kitu, aliyefika na tezo zake zimefungwa ndani ya shuka kama mtoto mchanga. Cha tatu kilitengewa mshairi ambaye hakuwahi kufika, kwa hivyo tulianika nguo humo. Asubuhi tulikunywa uji wa mtama. Mchana tulikula muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na mbaazi, na jioni tukala muthokoi uliobaki. Kilonzo alipoambiwa achonge miaka thelathini ijayo, alichonga twiga. Madam alimwomba afikirie zaidi. "Madam," akasema, "hata wakati huo wazungu watanunua twiga." Alipobanwa sana alichonga twiga anayekunywa maji, na hapo Madam akamwachilia.

Mimi nilipewa ukuta wa ukumbi, hatua kumi na nne kutoka kona hadi kona. Ukisimama mlangoni pa ukumbi ulikuwa unaona mteremko wa ng'ambo ya mto wote, na Madam alitaka mteremko huo huo, ili watu wajue ni kwao. Niliuchora jiwe kwa jiwe, kila nyumba mahali pake, kisha nikaanza kuuvika nguo za miaka thelathini. Nilichora fanya juu, yale matuta ambayo ukichimba unarusha udongo upande wa juu. Nilichora ukuta wa zege ukiziba mto wa mchanga ili maji yabaki chini ya mchanga hata kiangazi, shule yenye madirisha ya vioo, nyumba moja ya vigae vyekundu. Ng'ombe ndio walionishinda. Kila niliyemchora alitoka wa bucha, mnene, ubavu umegeuziwa mteja. Watu walikuwa wakija kutazama wakitoka sokoni, na mzee mmoja aliniuliza nyumba ya vigae amepewa nani. Nilidhani ananitania, nikamwambia amepewa yeye. Alienda zake ameridhika kabisa, na mimi nikaendelea kupaka rangi bila kujiuliza alichoelewa.

Katikati kabisa ya mteremko kulikuwa na nyumba ya bati lenye kutu, yenye mlango mmoja. Ilikuwa ya mjane aliyeitwa Kasiva, ambaye hakuwahi kupata mtoto. Nilikuwa namwona kwa mbali akipita na kiondo anachosuka huku anatembea. Katikati ya picha nilihitaji kitu cha kijani kilichokolea, mahali pa jicho kupumzika, na bati lile lilikuwa linanisumbua. Nikachora miti saba ya mikau mahali pa nyumba, mikubwa, tayari kwa mbao. Nilipanda siku nzima ile miti na nikajisifu moyoni. Hakukuwa na nia mbaya, na nimejifunza kwamba watu wengi hukosewa hivyo.

Mwaka huo huo serikali ilikuwa ikipima mashamba ya upande ule kwa mara ya kwanza, kila mtu aandikwe jina na apewe namba. Kamati ya wazee ndiyo iliyosikiliza kesi, na kwa sababu ukumbi wetu ndio uliokuwa na paa kubwa, ilikaa hapo kila Jumatano. Siku ya kesi ya Kasiva nilikuwa jikoni nikimsaidia mpishi kuchagua mbaazi. Kulikuwa na dirisha dogo la kupitishia sahani, na hakuna lililosemwa ukumbini ambalo hatukulisikia jikoni. Aliyesimama kwanza alikuwa Mzee Nzioka, ndugu ya marehemu Mutinda. Alisema Kasiva hana mtoto, akiondoka shamba litarudi kwake tu, kwa hivyo afadhali liandikwe jina lake sasa, serikali isiandike mara mbili. Kisha nikasikia fimbo yake ikigonga ukuta wangu.

"Angalieni hapa," alisema. "Hawa ni watu wamesoma, wameletwa na project. Wamechora vile kutakuwa. Kwangu iko. Kwa jirani iko. Hapa kwa Kasiva iko nini? Ni miti. Mimi sikuwaambia wachore hivyo. Wameona wenyewe hiyo nyumba haina mtu anakuja."

Mpishi aliniangalia. Nilisogea dirishani nikaona Kasiva akiinuka, akienda hadi ukutani, akifuata mto kwa kidole bila kuugusa. Alitazama muda mrefu. "Hii ni mawe yetu," alisema. "Hii ni njia ya kisima. Mimi siko." Akarudi akaketi. Mwenyekiti akasema watasikiliza tena baada ya majuma mawili, kwa sababu jambo la picha hawakuwa wamelitazamia.

Mimi sikutoka jikoni. Madam alikuwa amesimama mlangoni, na mwezi huo huo wageni wa wafadhili walikuwa wanakuja kuona ukuta. Yeye alikuwa amekwisha kuwaambia wazee kwamba picha ile ni mpango wa wananchi wenyewe, na kutoka kwangu kusema vingine kungemwaibisha mbele ya watu. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ya pili sijawahi kumwambia mtu. Nilifurahi. Mchora ng'ombe wa Salama, na wazee wa kamati wanasoma ukuta wake kama karatasi ya serikali. Niliendelea kuchagua mbaazi na nikaacha mawe mengi ndani.

Kesho yake alasiri Kasiva alikuja chumbani kwangu. Nilimpa kiti akakikataa, akaketi kizingitini akinyoosha miguu, akaanza kusokota uzi kwenye paja.

"Ndinda."

"Naam, Mwaitu." Ndivyo tunavyomwita mwanamke aliye na umri wa mama yako.

"Mimi nilikukosea?"

"Hapana, Mwaitu."

"Nilidhani labda nilikupita njiani bila kukusalimia."

"Hapana."

"Basi uliniondoa kwa nini?"

Nikamweleza. Nilimwambia habari za rangi iliyokolea, na katikati ya picha, na jicho. Alinisikiliza vile mtu anavyomsikiliza mtoto akieleza jinsi chungu kilivyovunjika.

"Kwa hivyo jicho ilitaka kupumzika," alisema.

"Ndiyo."

"Ikapumzika kwa nyumba yangu."

Alipoondoka nilikwenda ukumbini peke yangu kuangalia vizuri. Wanaume wa picha yangu walikuwa na migongo imara, watoto walikuwa na sare, wanawake wote walikuwa wa umri wangu. Hakukuwa na mwanamke mzee hata mmoja katika mteremko mzima, wala kaburi, wala mtu aliyefiwa. Nilikuwa nimewaahidi watu miaka thelathini na nikasahau kwamba wao wenyewe wangeizeekea. Niliona aibu, ile ya kuchoma masikio.

Kasiva alirudi siku ya tatu, akaketi palepale. "Nirudishe," alisema. "Na uweke milango mbili."

"Lakini nyumba yako ina mlango mmoja, Mwaitu."

"Hiyo ni ya leo. Wewe si unachora ya kesho?"

"Wa pili ni wa nani?"

"Wa iweto."

Kwetu Ukambani, mwanamke asiyejaliwa mtoto anaweza kuoa mke. Hutoa mbuzi wa mahari kama mwanamume yeyote, mke huyo huzaa na mwanamume amtakaye, na watoto watakaozaliwa huwa wa nyumba yake na wa jina la mumewe. Mke huyo ndiye iweto. Hakuna anayeshangaa, isipokuwa watu wa kanisa huteremsha sauti kidogo. Nikamuuliza Kasiva kama amekwisha kupata mtu. Alinitazama, akatazama brashi zangu mezani, akarudi kunitazama.

"Wewe hujaolewa," alisema. "Unapenda kukaa kwako. Hakuna mwanaume atakuuliza umetoka wapi. Utachora mpaka uchoke. Watoto nitalea mimi."

Nilicheka, kisha nikaona kwamba hakuna aliyetania. Nilimwomba siku nne. Jumapili nilikula kwake, ugali na kunde katika sahani moja, miali ya jua ikishuka kwenye matundu ya bati na kutua juu ya mkeka. Alinionyesha kaburi la mumewe, kisima, na mahali ambapo angeongeza chumba. Hakunisukuma hata kidogo. Katika maisha yangu nimechumbiwa mara tatu baada ya hapo, na hakuna uchumba ulioelezwa kwa uwazi kama ule wala uliokuwa na faida kubwa kwangu. Nilikataa kwa sababu nilitaka kuondoka. Nilikuwa nimeanza kuota kuta za Nairobi, ndefu kuliko ile, na shamba la Migwani halikuwemo. Nilimwambia siku ya nne nikiwa nimesimama uani pake, mikono nyuma.

Hakuacha kusokota. "Sawa," alisema. "Lakini mlango uchore. Mtu anatafutwa. Kama hakuna mlango, nikimpata nitamwambia aingilie wapi?"

Madam Wairimu hakupenda. "Ndinda, picha imeisha," alisema. "Wageni wameandikiwa. Mabati ya kutu katikati ya kesho? Nataka watu waone mahali wanaenda, sio mahali wametoka." Nilimwambia Kasiva naye anaenda huko huko. Alisema nikiharibu ni juu yangu. Hakuwa mtu mbaya. Ukuta ule ndio uliokuwa umebeba mwaka wake mzima wa kuomba. Jumamosi, kituo kikiwa kimya, Kilonzo alinishikia ngazi. Niling'oa mikau minne kwa rangi nyeupe, nikaacha mitatu, nikajenga nyumba. Kutu niliipata kwa kuchanganya nyekundu na kahawia. Milango yote miwili niliipaka buluu, na nafasi ilikuwa finyu kwa sababu ya miti.

"Hiyo ya pili ni ndogo," Kilonzo alisema kutoka chini. "Huyo bibi ataingia akiinama."

Nilimwambia ashike ngazi.

Jumatano ilipofika Mzee Nzioka hakungoja hata sala iishe. "Wamebadilisha," alisema. "Juzi ilikuwa miti. Huyu msichana amelishwa kwa Kasiva, nilimwona Jumapili na macho yangu." Alikuwa anasema kweli. Mwenyekiti akaagiza niitwe, na safari hii nilitoka jikoni nikasimama mbele ya wazee, mgongo wangu kwenye ukuta wangu. Madam alikuwa mlangoni, faili kifuani.

"Msichana," mwenyekiti aliniuliza, "gani ndio ya ukweli? Ile ya kwanza ama hii?"

Nilijua kwamba nikisema ni hii, Kasiva atashinda siku hiyo, kisha kesho mwenye mbuzi mnene kuliko mwingine atakuja kuniomba nimchore nyumba. Nikisema ni ile ya kwanza, Kasiva hana shamba.

"Hakuna ya ukweli, Mzee," nilisema. "Zote nimetoa kwa kichwa. Sijapima shamba la mtu, hata sijui kupima."

"Kwa hivyo ni uongo."

Nilimwona Madam akiinamisha uso. "Ni uongo," nikasema.

Watu walicheka, wengi wao. Yule mzee wa vigae hakucheka. "Hata ile nyumba yangu?" aliuliza.

"Hata hiyo, Mzee. Nisamehe."

Mwenyekiti alisimama na kuvaa kofia. Alisema kama ukuta haujui kitu, basi twende tukaone kwa macho. Tulishuka wote, tukavuka mchanga wa mto, tukapanda hadi kwa Kasiva. Matuta yake yalikuwa yamekamata mteremko wote, kingo zake zimepandwa nyasi. Wanawake wa mwethya, kikundi cha kuchimbiana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, walikuwa wametufuata. Mwethya hauchimbi mahali ambapo mwenyeji ni wa kupita, kwa sababu jasho litapotea. Walisimama kila mmoja juu ya tuta lake. "Hii nilichimba mimi, na Kasiva akanichimbia yangu," alisema wa kwanza, na wa pili akasema hivyo, na wa tatu, hadi juu. Mwenyekiti akamgeukia Nzioka akamuuliza yeye alichimba lipi. Nzioka alisema mgongo unamsumbua. "Tangu lini?" akaulizwa. Karani wa kamati aliandika jina la Kasiva pale pale, karatasi ikiwa juu ya goti.

Tulipokuwa tunarudi mwenyekiti alikumbuka kitu. "Kasiva, na ile mlango ya pili kwa ukuta ni ya nani?"

"Anakuja," Kasiva alisema.

Wageni walifika, wakala, wakanunua twiga watatu wa Kilonzo. Madam aliwaonyesha ukuta kuanzia kushoto, akapita katikati haraka, akakaa sana kwenye shule. Mwaka ulipokwisha alinipa rangi iliyobaki na akanishika mkono vizuri, lakini hakuniita tena, wala simlaumu. Nilikuwa nimeuita ukuta wake uongo mbele ya watu wake. Nilirudi Salama kwa ng'ombe wangu. Kuta za Nairobi sikuzipata. Migwani sikurudi, ingawa si mbali kiasi cha kushindwa. Niliogopa kufika na kukuta nyumba bado ina mlango mmoja, na mwanamke mzee ndani yake, na mimi ndiye niliyeombwa kwanza.

Kwa hivyo nilikwenda kwa mazishi, na brashi zangu na kopo la rangi nyeusi. Nilipitia kituo. Ukumbi sasa ni stoo ya mtu, na ukuta umepakwa rangi ya maziwa kutoka kona hadi kona. Nilisimama mlangoni nikatazama ng'ambo. Mto umezibwa kwa zege kweli, na wanawake walikuwa wanachota maji ndani ya mchanga. Matuta yameshika. Nyumba ya vigae haipo, wala ng'ombe wanene. Mikau niliihesabu mara mbili, mitatu, mikubwa, na kando yake nyumba ya matofali yenye milango miwili ya buluu.

Mutinda alinipokea njiani, mwanamume wa miaka thelathini na kitu mwenye sauti ileile ya kwenye simu. Alinipeleka kwa mama yake, aliyekuwa ameketi nje ya mlango wa pili, leso mabegani. Jina lake Mumbua, na hanishindi umri kwa miaka mingi wala mimi simshindi. Aliniangalia mikono kwanza.

"Ni wewe wa ukuta," alisema.

"Ni mimi. Pole sana."

"Alinipeleka huko kwa ukumbi kabla hajaleta mbuzi kwetu. Akanionyesha. Akaniambia, hiyo ndio mlango yako."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ni ndogo."

Nilijikuta nacheka, na siku yenyewe ilikuwa ya msiba. "Naye akasemaje?"

"Akasema tutajenga kubwa. Akasema aliyechora alikuwa na haraka ya kwenda."

Nilishughulika na kifuniko cha kopo la rangi. Mumbua aliniacha hivyo, kisha akanivutia kiti. Niliandika msalaba nikiwa nimeketi hapo karibu yake, jina kwanza, kisha mke wa Mutinda, kisha, kwa sababu yeye ndiye aliyeniambia niandike na nafasi ilikuwepo, aliyemwoa Mumbua. Nilipomaliza mikono ilikuwa myeusi kwa rangi. Nilimwomba maji ya kunawa, akanielekeza ndani. Niliingia kwa mlango ule, na sikulazimika kuinama.